Waovu Wawili, Kicheko Kimoja

Mwanangu Byron ana miaka ishirini na saba, na kazi yake ni kuwasemea watu wa kwenye filamu. Husimama kando ya runinga katika kibanda cha video hapa Manyatta, mtaa wa Kisumu, maiki mkononi, na filamu ya ng'ambo ikianza yeye huigeuza papo hapo kuwa Kiswahili chenye Kijaluo ndani yake. Steringi, yule shujaa wa filamu, ni yeye, mama wa steringi ni yeye, hata farasi ni yeye. Watu humwita Dijei. Alianza akiwa darasa la saba, akiwatafsiria watoto wa ploti kupitia dirisha la jirani aliyekuwa na runinga, nami nikimchapa kwa kuwa maji hayajachotwa.

Tangu mwaka jana anatafsiri tamthilia moja ndefu yenye mazimwi na panga za moto. Ina waovu wawili. Wa kwanza ni Mfalme wa Chumvi, aliyezama ziwani mwisho wa sehemu ya kwanza. Wa pili alikuja baadaye, Mganga wa Kinyago, ambaye hakuna aliyewahi kuona uso wake. Basi watu wakagawanyika. Je, Mganga ni yule Mfalme aliyerudi, au ni mtu mwingine?

Mzozo huo ulifika hadi kwenye meza ninayouzia omena, wale dagaa wa ziwani.

"Ni mtu mmoja," alisema Griffins wa bodaboda. "Sikiliza kicheko tu. Mfalme alicheka hivyo hivyo kabla ya kuzama."

"Kwani Dijei ana makoo mangapi?" akajibu Waringa, anayeuza viazi karibu nami. "Hata yule nyanya wa kuuza uchawi ana sauti ya Dijei. Naye ni Mfalme?"

"Sauti ni ya Dijei, sawa. Lakini kicheko mtu huchagua, Mama."

"Wewe chagua abiria. Pikipiki yako imelala hapo tangu asubuhi kama ng'ombe mgonjwa."

"Mama Byron," Griffins alinigeukia, "wewe ndiye uliyemzaa. Tuambie."

Nikasema mimi sijui mambo ya filamu. Nikaendelea kupima omena bila kuinua macho.

Kile kicheko nilikijua. Huanza chini kifuani, hupanda mara tatu, kisha hukatika ghafla kama mtu aliyekabwa. Siku ya kwanza kukisikia kutoka kibandani nilikuwa nimebeba mtungi wa maji kichwani, na nililazimika kuushusha katikati ya njia. Kilikuwa kicheko cha Enos, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu.

Mume wangu alipokufa, wazee wa Seme, kijijini kwao, walisema nirithiwe na Enos, kama ilivyo desturi. Nilikataa. Wiki iliyofuata Enos alikuja na vijana wawili wakavitoa vyombo vyangu nje, na alipoona nahangaika kuokota vijiko kwenye matope, alicheka. Byron alikuwa na miaka minne. Nilimshika mkono tukaja Kisumu, na sikumwambia kamwe ni nani alitutoa. Nilimwambia tu kwamba nyumba ilianguka.

Nilipomuuliza kicheko hicho amekitoa wapi, alisema, "Kimekuja chenyewe, Mama. Nikitaka mtu mbaya, mdomo unajua."

Labda ningecheka nami, kama si jambo moja. Byron hana simba, ile nyumba ndogo ambayo kila kijana wa Kijaluo hujenga katika boma la baba yake. Hawezi kujichagulia mahali. Lazima baba amwonyeshe, na kama baba hayupo, basi kaka ya baba. Kwetu hiyo si mapambo. Mwanamume asiye na nyumba kwao akifa huzikwa pembeni kama mgeni, na huyu mtoto hupanda bodaboda kila siku. Kila pikipiki ikipiga breki barabarani mimi husimama. Kwa miaka miwili nilimtuma mchungaji Khaemba wa kanisa letu kwa Enos, akienda na kurudi, hadi Enos akakubali kuja kutuona. Angeamua siku hiyo hiyo kama atamwonyesha Byron mahali pa kujenga.

Alikuja Jumamosi mchana. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini macho ni yale yale. Nilimpa chai, nikamkaangia samaki mzima wa ngege, nikaongeza ugali, nikaongeza chai tena.

"Nyar Alego," aliniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "unanilisha kama mtu anayepelekwa hospitali. Kijana yuko wapi?"

"Yuko kazini, Baba Awuor," nilimjibu kwa jina la binti yake. "Atakuja jioni."

"Kazi gani?"

Kabla sijajibu, Waringa alichungulia mlangoni. Alikuwa amevaa leso mpya. "Mama Byron, hutaki kuona? Leo waovu wote wawili wanatokea. Dijei ataumaliza ubishi. Mzee, shikamoo, na wewe twende."

Enos alichukua fimbo yake. Nilisema kuna joto kule ndani. Nilisema viti ni mbao tupu. Nilisema filamu ni za watoto. Alikuwa ameshatoka.

Kibanda kilijaa. Madirisha yamezibwa kwa magunia, jasho na moshi wa mahindi ya kuchoma vimeshikana. Watu walimpisha Mzee, akakaa benchi la nyuma, nami nikakaa kando yake. Byron alikuwa ametugeuzia mgongo. Nilijaribu kumpungia mkono lakini gizani hakuniona.

Ilichukua nusu saa, na mara mbili Byron alikitoa kile kicheko. Kisha kwenye pango moja Mganga akavua kinyago, na aliyekuwa chini yake alikuwa kijana mwembamba. Nyuma yake, akitoka majini, akasimama Mfalme wa Chumvi. Wawili, katika pango lile lile.

"Nilisema nini?" Waringa aliuliza benchi zima. "Nilisema nini mimi?"

"Na kicheko?" Griffins alisimama mbele ya picha. "Dijei, umetuchezea miezi sita. Eleza kicheko."

Wa upande wake wakaanza kupiga mabati kwa ngumi. Byron alisitisha filamu, akainua maiki. "Jamani, uovu una shule moja tu. Hawa wawili walikaa dawati moja, wakaiga mwalimu mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Na kando yangu, Enos naye akacheka. Kilianza chini kifuani, kikapanda mara tatu, kikakatika.

Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, hadi sikuona tena migongo, niliona nyuso tu.

"Mzee," Griffins alisema polepole, "hebu cheka tena."

Byron alituangalia. Alimtazama Mzee, kisha akanitazama mimi, akaona jinsi nilivyokuwa nimeishika leso yangu kwa mikono miwili. Maiki ilishuka. Hakuna mtu aliyemwambia chochote, lakini alijua kile kicheko alikitoa kwa nani.

Enos alitoka nje. Nilimfuata kwa kuwa niliogopa zaidi kubaki. Alisimama kando ya ukuta wa mabati, juani.

"Mtoto amekitoa wapi kicheko changu, Nyar Alego?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria boma, nikafikiria kaburi la pembeni. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Mlangoni, Baba Awuor. Siku ya vyombo. Alikuwa amesimama mlangoni."

"Nilicheka siku hiyo?"

"Ulicheka."

Alichora chini kwa fimbo, akafuta kwa kiatu. "Mimi sikumbuki," alisema.

Byron alikuwa ametoka. Alisimama mbali kidogo, mikono ndani ya mifuko, na shingo yake ilikuwa imevimba mishipa. Niliomba kimya asiseme neno.

"Tarehe kumi Agosti," Enos alimwambia bila kumtazama. "Uje kabla jua halijapanda. Nitakuonyesha mahali pa kuchimba nguzo ya kwanza."

Ndani, watu walikuwa wameanza kubishana upya.

"Nimesikia, Baba," Byron alisema.

Enos alienda zake kituoni, hakutuaga. Byron aliniuliza kama nyumba yetu kweli ilianguka. Nikamwambia hapana. Akauliza kama bado nataka aende.

"Utaenda," nilisema. "Utaenda na mchungaji Khaemba, na Wekesa, yule fundi jirani yetu, awe nawe tangu shimo la kwanza hadi bati la mwisho. Usilale huko. Na wakikupa uji, sema umefunga."