Dada Yangu na Watu Wasio na Mikono

Dada yangu huchora picha za vitabu vya watoto, na watu wake wote hawana mikono. Wanayo, ila huioni: mmoja kaitia mfukoni, mwingine kaificha mgongoni, wa tatu kaizamisha kapuni. Nikimtania kwamba anachora vibaka waliofungwa pingu, hunikata kauli. "Nyamaza, mdogo wangu. Huo ndio mtindo. Nimeurithi kwa Mzee."

Mzee ndiye aliyechora vitabu tulivyosomea shuleni. Dada hakuwahi kumwona, lakini humwambii kitu juu yake. Alipopewa ukumbi wa maktaba aonyeshe kazi zake, alitundika michoro yake halisi ukuta mmoja, na wa pili akaujaza kurasa za Mzee. Juu akaandika: Aliyenifundisha.

Siku ya ufunguzi akaja mhariri, mama asiye na maneno mengi, akiwa na hadithi ya mfinyanzi inayotaka mchoraji.

"Kila ukurasa ni mikono kwenye udongo. Utachora, au nimpe mwingine? Nataka jibu leo."

"Mimi mikono sichori," dada akasema kwa maringo. "Ni mtindo."

"Mtindo wa nani?"

Tukageuka. Alikuwa mzee mwenye fimbo, amesimama mbele ya ukuta wa pili. Kumbe ni Mzee mwenyewe! Mkutubi, aliyekuwa amemwalika bila kutuambia, akatutambulisha.

"Shikamoo," dada akasema. "Mtindo wako, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi mikono niliificha kwa sababu ilinishinda! Kila nikijaribu, vidole vinatoka sita. Nyumbani watoto wanataka kula. Nikaitia mfukoni, basi."

Nilipigwa na butwaa. Dada ndiyo usiseme: mdomo wazi, ikabidi nimvutie kiti. Miaka yote ile! Nilitaka kucheka, nikaogopa.

"Basi nampa mwingine," mhariri akasema.

"Ngoja."

Dada akachukua penseli, akalaza mkono wa kushoto mezani, akautazama kana kwamba ni wa jirani. Wa kulia ukaanza kuuchora. Watu wakasogea. Kidole gumba kikatoka kama kiazi. Kilichofuata kikawa na viungo vinne. Sijawahi kumwonea huruma dada yangu kama siku ile.

Mzee akainamia karatasi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Safari hii hakucheka.

"Mimi hata hapo sikuwahi kufika," akasema. "Endelea."

Mhariri akavuta kiti, akakaa.