Ruhusa ya Kutohitaji Ruhusa

Wewe unayesoma, sabuni uliyoogea leo imenunuliwa na nani?

Ijumaa moja Symphorien aliwauliza hivyo vijana wenzake ndani ya sali, ukumbi wa parokia, kwa sauti ya kutosha kusikika Kigoma, ng’ambo ya ziwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, diploma ya Lubumbashi, na suti moja ya abakosti iliyopigwa pasi na mama yake. Kilichomkera kilikuwa sheria ya posho. Reli ilimpa mfanyakazi unga kwa kuhesabu watoto walioandikwa kwenye karatasi yake, na kijana asiye na kazi wala mke aliendelea kuhesabiwa mtoto.

“Ni mnyororo!” alinguruma. “Wanatulisha ili tusikue!”

“Na sabuni yako, kaka?” Lambert aliuliza kutoka nyuma. “Nani alinunua?”

Sali nzima ikaangua kicheko. Symphorien alilijua jibu, tena alikuwa analinukia. Akaapa mbele ya wote kwamba jua halitatua kabla jina lake halijafutwa kwenye karatasi ya baba yake.

Kwenye biro, ofisi ya reli, Mama Bibiane, karani wa orodha, alimsikiliza mpaka mwisho, hata pale penye Kilatini.

“Vizuri sana, sitwayen, mwananchi wetu. Lakini papa yako aliyekuandika njo yeye anaweza kukufuta. Leta sahihi ya Papa.”

“Mama, mimi ni muntu mukubwa!”

“Ninaona. Leta sahihi ya Papa.”

Basi mkombozi wa vijana akaenda karakana kuomba ruhusa ya kutohitaji ruhusa. Njiani alitayarisha majibu manne makali, maana baba angekataa tu. Baba gani asingekataa? Papa Hippolyte, fundi wa breki, aliisoma fomu, akafuta grisi mikononi, akaomba kalamu.

“Nilikuwa ninajiuliza utaomba lini,” alisema, akatia sahihi.

Symphorien akairudisha fomu biro, majibu yote manne hayajatumika. Mama Bibiane akapiga mstari mwekundu juu ya jina lake. Jioni Symphorien alikula ugali wa baba yake kwa heshima zote za mtu huru, akaomba aongezewe. Mama yake, Mama Victorine, akamwongezea. Kati ya wanaume wale wawili, hakuna aliyemwambia habari ya fomu.

Kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya posho, na Symphorien alimsindikiza mama yake ghalani. Gaspard, mgawaji wa unga, alimimina vipimo sita guniani. Akachota cha saba, akaitazama karatasi, akakirudisha kwenye pipa.

“Gaspard, mbona sita? Watoto wangu ni saba.”

“Mmoja amekuwa mukubwa, Mama. Wamemufuta.”

Mama Victorine akageuka, akamtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka kola.

“Njo huyu mukubwa?”

Foleni ikacheka. Symphorien akanyoosha mikono kulichukua gunia, lakini mama yake alikwisha kulifunga kamba. Akainama, akajitwisha mwenyewe, akashika njia ya nyumbani.