Unga Chini ya Mkorosho wa Mama

Mara ya kwanza kuuona ule unga nilidhani ni mavi ya ndege. Nilikuwa nimekwenda kupalilia mikorosho ya mama, shamba lililo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, pembezoni mwa mji wa Nachingwea. Chini ya mkorosho mkubwa, ule ambao mama aliupanda mwaka niliozaliwa mimi, palikuwa pamefagiliwa. Majani makavu yamesogezwa kando, udongo umesawazishwa kwa kiganja, na katikati pana kifungu kidogo cheupe chenye ncha juu, kama kitu kilichomwagwa taratibu kutoka mkononi.

Sikukigusa. Nilisimama na jembe langu kama mtu aliyekutana na nyoka, nikitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu.

Kwetu mtu akimwaga unga namna ile hachezi. Wazee wanapotaka kuwaambia jambo waliotangulia hufagia chini ya mti, humwaga unga wa mtama kidogo kidogo huku wakiwataja marehemu, kisha husoma Fatiha na kuondoka. Ustaadhi wetu haipendi desturi hiyo na amesema hivyo mara nyingi, lakini hata wanaomwitikia amina msikitini wana mti wao mahali. Na si kila mtu anayemwaga. Anayemwaga ni mkubwa wa ukoo, mwenye watoto na mwenye shamba. Kwa hiyo mtu akiingia shambani kwako akamwaga unga bila kukuambia, amekwisha kusema jambo: kwamba mkubwa wa hapa ni yeye.

Na mimi nilimjua mtu huyo. Au nilijiona ninamjua.

Baba alitangulia kufa, na mama akamfuata miaka mitatu baadaye baada ya kuugua muda mrefu. Niliacha shule kidato cha pili ili nimuuguze, na sikurudi tena. Alipozikwa nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nyuma yangu walikuwapo mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na mitano, wa kiume wa kumi na mmoja, na kitinda mimba wa sita ambaye bado alikuwa akiuliza mama atarudi na basi la saa ngapi.

Siku ya arobaini, baada ya watu kula, mjomba alibaki mkekani na wazee. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, anaishi Ruangwa. Kwetu baba hulea, lakini mjomba ndiye husema neno la mwisho juu ya wapwa zake. Akasema watoto watatu ni mzigo mkubwa kwa binti mmoja. Wa kiume aende kwa baba yake mdogo, Masasi. Wa kike aende kwa shangazi, Lindi. Kitinda mimba atakwenda naye yeye Ruangwa. Na mimi, inshallah, mume atapatikana.

"Hawagawanywi," nilisema.

Bibi mmoja akacheka kwa pua. "Makubwa! Siku hizi mitetea nayo inawika."

"Hawagawanywi, mjomba. Mama kaniachia mimi, kwa mdomo wake."

Mjomba alinitazama, akakusanya kanzu yake, akasimama. "Haya," akasema. "Mtanitafuta."

Neno hilo liliingia nyumbani kwetu likakaa kama mgeni asiyeaga. Mtanitafuta kwa nini? Kwa njaa? Kwa ugonjwa? Kwa jambo gani atakalolifanya yeye mpaka tumtafute? Alipotuma gunia la mahindi kwa pikipiki, sikulipika. Niliwapa kuku kwanza, nikawatazama siku tatu, kisha nikaendelea kuwapa kuku. Alipomtumia kitinda mimba gauni, nilililoweka kwenye maji ya chumvi mpaka likachuja rangi. Akipiga simu, nilijibu maneno matatu nikakata.

"Dada, we noma," aliniambia yule mdogo wangu wa kike, ambaye Kiswahili chake chote amekiokota kwenye redio na simu za wenzake. "Kuku wananenepa kwa mahindi ya mjomba, sisi tunakula muhogo mpaka midomo inapauka."

"Utakula ulichopewa."

"Sasa kama anataka kutuua, kwa nini atumie mahindi? Si angetumia pilau, tufe tumeshiba?"

Wadogo zake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naswali swala zote tano, na katika kila dua nilimtaja mjomba. Sikumwombea, nilimshitaki. Nilimweleza Mwenyezi Mungu alichosema, alichotuma, na nilichodhani amekusudia. Nilidhani hiyo ndiyo imani, kushikilia nisiachie. Nikiangalia nyuma naona nilikuwa nimemwajiri Mungu awe mlinzi wa lango letu, na hata yeye nilimwachia lindo nikiwa na wasiwasi.

Juma lililofuata niliukuta unga tena, mahali palepale. Na juma la tatu tena. Siku hiyohiyo jirani yetu, muuza maandazi karibu na kituo cha mabasi, akanipigia kelele nikipita: "We binti, mjomba wako kaja? Nimemwona jana anashuka na mkewe." Amefika Nachingwea na hakufika kwetu. Nikashukuru kwa habari, nikapita.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine dogo. Unga wetu wa muhogo kwenye ndoo ulikuwa ukipungua kuliko tulivyokuwa tunasonga. Nikatega mtego wa panya. Haukunasa kitu, nikaamua ni panya mjanja.

Asubuhi iliyofuata nilirudi shambani, nikafunga kitambaa mkononi, nikakikusanya kile kifungu cha unga pamoja na udongo wake nikakitia kwenye mfuko. Niliushika mfuko mbali na mwili. Hata kuunusa niliogopa, maana nilikuwa nimesikia unga wa namna hiyo huchanganywa na vitu. Nikapanda gari la Ruangwa, mfuko ukiwa katikati ya miguu yangu, njia nzima nikipanga maneno. Kitu kimoja tu nilikitaka: nirudi na tamko lake mbele ya mkewe kwamba shamba ni letu na watoto hawaguswi. Shamba likienda, cha kuwalisha hakipo, na wasio na cha kula hugawanywa bila hata kikao.

Nilimkuta barazani kwake anachambua mbaazi kwenye ungo. Aliinua uso nilipobisha hodi, akakodoa macho.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Mpwa wako wa Nachingwea."

Ungo ukatulia. Mkewe akatoka jikoni akijifuta mikono. Sikukaa nilipokaribishwa. Niliuweka mfuko mbele yake nikamwambia kama unga ni wake auchukue, na kama ana neno juu ya shamba la mama alitamke mchana, asiwapelekee wafu kwa siri.

Mjomba alifungua mfuko. Akaingiza vidole, akasugua unga kwa kidole gumba, akaunusa. Kisha akalamba kidole.

"Usionje!" nilipiga kelele.

"Kwa nini? Si unasema ni wangu?" Akatema mchanga. "Huu muhogo."

"Muhogo?"

"Makopa haya, tena hayakukauka vizuri. Mpwa wangu, tangu lini mzee wa kwetu akawaomba wafu kwa muhogo? Ningemmwagia mama yako huu, angenirudishia usoni."

Mkewe alicheka hadi akashika nguzo. Mimi, niliyesonga ugali wa muhogo tangu utoto, nilikuwa nimesafiri na unga wa muhogo kutoka wilaya moja hadi nyingine nikiuita uchawi, kwa sababu nilikuwa sijauleta karibu na pua.

"Na juzi ulifuata nini Nachingwea?" niliuliza, maana sikuwa tayari kushindwa.

"Hospitali. Macho yangu yanakwisha."

"Tulipita njiapanda ya kwenu," mkewe akasema. "Nikamwambia tuingie. Akasema, tusiingie, huyu mtoto atasema nimekuja kuhesabu miti."

Mjomba alirudi kwenye mbaazi zake. "Nilisema mgawanywe, sikatai," akasema bila kuinua uso. "Niliogopa njaa. Na leo nikiona njaa nitasema tena. Lakini shamba la nini mimi? Shamba lenyewe lina ugonjwa wa ukungu, mikorosho haijapulizwa dawa ya salfa misimu miwili."

Sikumwamini yote. Kwenye gari la kurudi nilijiuliza kama mtu mwenye akili hawezi kutumia muhogo makusudi, ili akikamatwa acheke. Ndivyo nilivyokuwa. Lakini swali lilikuwa limebaki bila mwenyewe: kama si yeye, nani anaingia shambani kwetu na unga wa muhogo?

Nilifika alasiri. Mdogo wangu wa kike alikuwa uani anamenya muhogo. Niliona ndoo ya unga imeachwa wazi kando yake, nikaitazama ndoo, nikamtazama yeye. Yeye akatazama kisu.

"Ni wewe," nilisema.

"Nani kakwambia?"

"Wewe unayewacheka wazee? Unayesema mizimu haina mtandao?"

"Sasa ningefanyaje? Kwani shuleni kuna dua ya kumtuliza dada?" Alijaribu kucheka, akaacha. "Nilimwona mama akifanya. Baba alipokuwa anaumwa, mama alinichukua mimi, akafagia pale, akamwaga. Mtama hatuna. Nikachukua tulichonacho."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

Alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu. "Namwambia amwombe Mungu akutulize. Mtu akibisha hodi unamwona mwizi. Ukipewa kitu unakipa kuku. Dogo akitaka kucheza kwa jirani, hapana. Unatulinda, dada, lakini unatulinda kama tumefungwa." Kisha akasema, polepole: "Mimi nishampigia shangazi Lindi. Kasema niende baada ya mavuno ya korosho. Nilikuwa sitaki kwenda. Ndiyo maana nikamwambia mama."

Nilikaa chini palepale kwenye maganda. Miezi yote nilikuwa nimelinda lango la mbele, na nyumba ilikuwa inataka kugawanyika kutoka ndani, kwa sababu yangu. Nilikuwa nimekariri tangu madrasa kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Niliijua aya hiyo kwa sauti na kwa tajwidi. Sikuwahi kudhani ilikuwa inazungumza na mimi.

Na jambo lililonigusa zaidi lilikuwa ule unga. Mtoto aliyekuwa na kila sababu ya kutoroka alikuwa amekwenda shambani mara tatu na unga mbovu mkononi, akiamini yuko wa kumsikia. Hakumshitaki mtu. Aliomba kwa alichokuwa nacho.

Jioni ile nilitwanga mahindi ya mjomba, nikasonga. Nilikula mimi kwanza, wao wakinitazama.

"Bado upo?" aliuliza mdogo wangu wa kiume.

"Bado nipo."

"Basi sogeza sahani, kuku wameshafaidi vya kutosha."

Baada ya kula nilimpigia mjomba. Nilimwambia mikorosho inahitaji salfa na mimi sijui kuendesha mashine ya kupulizia. Nilisubiri aseme nilikwambia mtanitafuta. Hakusema. Aliuliza tu majani mapya ya mikorosho yamefikia wapi.

Alikuja msimu ulipofika, na kijana wa kubeba mashine, kwa kuwa macho yake hayakumruhusu kubeba mwenyewe. Tulianza alfajiri, umande ukiwa bado majanini ili salfa ishike. Jua lilipotoka, aliomba apelekwe kwenye mti mkubwa. Akatoa kwenye mfuko wa kanzu kifurushi cha unga. Nikautazama. Ulikuwa wa mtama, na safari hii niliunusa kabla sijauliza. Aliniona nikinusa, akatabasamu kidogo.

Mdogo wangu wa kike alifagia. Wote tukachuchumaa, kitinda mimba akiwa ameshika gauni langu. Nikamsubiri mjomba, na sitaficha, nilikuwa nikiutazama mkono wake. Nilijiambia: sasa ndiyo anachukua. Sasa atamwaga, na mbele yetu sote shamba na watoto vitakuwa vyake kwa desturi, na mimi ndiye niliyemwita.

Mjomba aliinyoosha ile karatasi ya unga kuelekea upande wangu, akikosea kidogo kwa sababu ya macho.

"Mwaga wewe," akasema. "Wako ni hawa."

Nikasema bismillahi. Sikuwahi kumwaga, kwa hiyo kifungu changu hakikutoka na ncha nzuri kama kile cha mdogo wangu. Nilimtaja baba, nikamtaja mama. Nilipofika kwenye dua nilisita, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumshitaki. Mwisho nikamwombea mjomba macho yake, kwa sauti, naye akaitikia amina pamoja na wengine.