Mume wangu alilima shamba la mama yake kwa trakta ya kampuni: yaliyotupata bonde la Ruzizi

Wakuu, salamu kutoka Kalundu, Uvira.

Ninaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mkiona herufi zimepotea mnisamehe. Wengi mnanijua kwenye nyuzi za mapishi. Leo siyo mapishi.

Juzi kijana mmoja alileta uzi hapa: kampuni imekuja kijijini kwao, inataka bonde lote, inaahidi ajira, je wakubali? Watu wakabishana kurasa kwa kurasa. Mimi nikabaki nimeshika simu tu. Jibu nilikuwa nalo, ila ni refu. Ndiyo hili, na sijalitia chumvi. Aliyekuwepo anisahihishe, ingawa tuliobaki ni wachache.

Nilizaliwa hapa hapa ziwani, mtoto wa wavuvi. Nilijua nyavu, nilijua kuanika ndagala, yaani dagaa. Jembe sikulijua.

Miaka ya mwisho ya Wabelgiji nikaolewa kule bondeni, kwa kijana aliyeitwa Elia. Alikuwa mpole, mrefu, anacheka kwa macho kabla ya mdomo. Baba yake alikwisha kufa. Alikuwa na mama yake tu, na mama yake alikuwa na shamba.

Wakuu, niseme kidogo kuhusu lile shamba. Mihogo, maharagwe, viazi vitamu, na chini kabisa, kwenye unyevu, magimbi. Mama mkwe alikuwa akiingia mle asubuhi kama mtu anayeingia kanisani.

Siku ya kwanza aliniangalia nikilima, akaegemea jembe lake.

"Mukamwana, weye unalima ao unapiga udongo?"

Nikaona aibu. Akaja nyuma yangu, akanishika mikono yote miwili, tukalima pamoja hivyo mpaka mgongo wangu ukaelewa. Tangu siku ile nilimpenda. Ninyi mnaoogopa mama mkwe, poleni sana, wangu hakuwa hivyo.

Sasa kampuni.

Walikuja watu wa kupima, wakapigilia vyuma ardhini. Vyuma vile vilipita katikati ya mashamba ya watu kama vile hapakuwa na mtu. Tukaambiwa chifu amekwisha kukubaliana na Wazungu, patalimwa pamba, na wanaume wote watapata kazi. Sisi tukaonyeshwa sehemu ya kuhamia kule chini ya milima, mawe matupu.

Kampuni yenyewe siitaji jina. Haikuwa peke yake iliyofanya hivyo duniani.

Elia alikuwa amejifunza mambo ya injini kwa mapadri. Kwa hiyo kazi aliyopewa ilikuwa ya shofere wa trakta.

Mnaona inakoelekea.

Ilipofika zamu ya kulima upande wetu, Elia alirudi nyumbani akakaa chini, hakugusa bugali. Mama yake akamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Mama, kesho ni kwetu. Na ni minye nitaendesha. Nikikataa watamupa mwingine, na minye watanifukuza."

Mama mkwe akainuka akachukua kapu.

"Basi twende tungoe magimbi, jua halijazama."

Tukang'oa tulichoweza, sisi watatu. Kesho yake trakta ikaingia. Mimi sikutaka kuangalia, lakini mama mkwe alikwenda, akakaa pembeni na sahani ya viazi aliyoifunika kwa jani la mgomba. Elia alipofika mwisho wa mstari akazima mashine. Mama yake akamwita, "Kuya ukule, mwana wangu." Akashuka, akala pale pale, machozi yanamtoka, na mama yake anamfuta jasho kwa kikwembe chake. Kisha akapanda tena akaendelea.

Nimezaa, nimezika, nimeona vita mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sijaona tena mapenzi kama yale.

Lakini Elia hakulima shamba letu tu. Alilima na ya majirani. Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee mmoja tukimwita Baba Samweli. Shamba lake lilipakana na letu. Tangu siku trakta ilipopita kwake hakumsalimia tena Elia. Wakikutana njiani, Baba Samweli anageukia mlima. Na si yeye peke yake. Kanisani benchi letu likawa na nafasi kubwa kila upande.

Kampuni ilituchukulia ardhi mara moja. Majirani ilituchukulia kidogo kidogo, na hilo ndilo liliuma zaidi.

Uhuru ukaja. Nawaambieni, tulicheza ngoma mpaka sauti zikakauka! Watu wakabeba majembe, wakaenda kwenye pamba wakiimba kwamba sasa ardhi imerudi. Kwenye kizuizi cha kampuni wakamkuta mlinzi, Mkongomani kama sisi, tena anatoka kijiji cha jirani. Akasema hana amri ya kufungua. Bendera ilikuwa mpya, mashine zilikuwa zile zile. Watu wakarudi na majembe yao begani.

Miaka ikapita hivyo. Mimi nilikuwa sijapata mtoto. Wanawake wakinong'ona, mama mkwe anawaambia, "Muniachie mukamwana wangu, haraka ya nini?"

Kisha ikaja rebellion, ule uasi wa kupigana na serikali.

Mambo ya siasa nawaachia wenye vitabu. Ninachojua ni kwamba Wazungu walivuka kwenda Bujumbura kwa haraka, wakaacha pamba shambani na trakta mahali iliposimama. Hakuna mlinzi, hakuna kapita wa kusimamia kazi. Siku chache watu wakachungulia, wakaona kimya. Ndipo majembe yakatoka.

Mama mkwe alitangulia kuliko vijana. Tulipofika tukasimama tukiduwaa. Pamba, pamba, pamba. Mpaka uko wapi? Mti uliokuwa alama umekatwa. Mfereji umefukiwa. Njia tuliyokuwa tukipita haipo. Mtu anaweza kupotea ndani ya shamba lake mwenyewe, wakuu, nimeona kwa macho.

Baba Samweli naye alikuwa amefika. Akasimama mahali, akachomeka fimbo. "Mupaka wangu iko hapa."

Mama mkwe akasema, "Hapana, mupaka yako iko kule chini."

Wakaanza. Kelele! Wazee wawili, miaka yote hawajasemezana, sasa wanasemezana yote kwa mara moja. Elia akajaribu kusuluhisha, Baba Samweli akamgeukia, "Weye nyamaza! Weye ndiye ulifuta!"

Hapo hapo wakatokea vijana wa rebellion. Wanne, wana mikuki, mmoja ana bunduki. Walikuwa wanawatafuta waliofanya kazi na Wazungu. Tulikuwa tumekwisha kusikia waliowapata waliwafanya nini.

Mwenye bunduki akauliza, "Nani alikuwa anaendesha trakta hapa?"

Watu wote wa kijiji walikuwa pale. Wote mashamba yao yalilimwa na Elia. Niliangalia uso mmoja mmoja. Mama mkwe alinishika mkono.

Kijana akamnyooshea Elia kidole. "Na uyu?"

Baba Samweli akatema mate pembeni.

"Uyu? Uyu iko mukulima. Hamuone tuko tunagombana naye juu ya mupaka? Mutu wa trakta atatafuta mupaka ya nini? Shofere alikimbia na Bazungu wake. Mutuache tulime, mvua iko inakuya."

Wale vijana wakatazamana. Wakaomba maji ya kunywa, wakapewa, wakaenda zao.

Hatukusogea mpaka walipopotea. Elia akapiga magoti mbele ya mzee. Baba Samweli akamwangalia. Halafu akamgeukia mama mkwe:

"Haya, Mama Elia. Mupaka wangu iko hapa."

Wakuu, tulicheka! Tulicheka na kulia, wote, mpaka Baba Samweli mwenyewe akakaa chini ameshika mbavu.

Basi msimu ule hatukuweka mipaka. Tuling'oa pamba pamoja, tukalima pamoja, nyumba zote, mstari mmoja mrefu. Tulipanda maharagwe na mihogo, na jioni kila mtu anachukua sombe, majani ya mihogo, kwa kiasi cha watoto wake. Benchi la kanisani likajaa tena. Na mimi, katikati ya msimu ule, nikajikuta na mimba.

Haikudumu. Jeshi la serikali likarudi, risasi zikaanza upande wa mji, tukakimbia na tulichovaa. Tukavuka Ruzizi kwa mtumbwi, maharagwe tukayaacha na maganda yamejaa. Ng'ambo kule Burundi, mama mkwe aliugua kifua. Mimi sasa ndiye nilikuwa nalima kwenye kipande tulichoazimwa, yeye amelala kwenye mkeka pembeni, anakosoa mistari yangu.

Nilijifungulia huko. Mtoto wa kike. Nilimwekea mama mkwe kifuani, nikamwomba ampe jina.

Alimwangalia sana. Akasema, "Nakatete."

Sijawaambia kwamba shamba lile lilikuwa na jina. Mashamba yetu yote yalikuwa na majina. Lile liliitwa Katete, kwa sababu ya matete yaliyoota kule chini kwenye magimbi. Na "Na" kwetu ni mwenye. Nakatete, mwenye Katete.

Mama mkwe alifariki kabla mtoto hajaanza kukaa. Tulimzika huko ng'ambo. Tuliporudi, kampuni ilikuwa imekwisha kurudi, ina wenyewe wapya na walinzi wapya. Tukaja Kalundu, Elia akawa mbebaji wa mizigo bandarini, mimi nikarudia ndagala zangu. Elia alikwisha kufariki miaka mingi iliyopita. Yeye na Baba Samweli walikutana mpaka mwisho, kila sikukuu.

Kijana uliyeuliza, hili ndilo jibu langu. Kazi si kitu kibaya, sisi ilitulisha. Lakini msiulize tu kampuni italeta nini. Ulizaneni, ninyi kwa ninyi, itamtuma nani alime shamba la nani. Na kama mmekwisha kushindwa, basi msiache kusalimiana.

Wenye visa vya kwenu, vya miwa, vya chai, vya migodi, leteni, nitasoma vyote hata kama macho yanachoka.

Nakatete yupo, mtu mzima, anafanya biashara ya vitambaa kati ya hapa na Bujumbura. Mpakani wakisoma jina lake humuuliza maana yake. Yeye huwajibu, "Mimi nina shamba."