Kile Babu Alichonena Mlangoni

Korogwe ya utoto wangu ilinuka mkonge uliosagwa: harufu chachu, kali, iliyotulia juu ya maji ya mto na kuingia hadi kwenye ugali. Ilikuwa enzi ya Wajerumani. Baba yangu, Mshambaa Mkristo kutoka Bungu, alifanya kazi ya reli, na nyumba yetu ilitetemeka kila gari moshi lilipopita. Nilidhani dunia nzima inanuka hivyo, mpaka kiangazi kile kirefu, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, mama aliponishika mkono tukatembea siku tatu kwenda Mazingara, kwao, kwa Wazigua. Harufu ilitufuata siku ya kwanza, ikafifia ya pili, na siku ya tatu nilivuta vumbi, majani makavu na moshi wa kuni nisizozijua. Mama alikuwa mjamzito, na alitembea kama mtu aliyejitwika maji usingizini.

Njiani aliniambia sababu ya safari. Alipoolewa na baba, mtu wa dini nyingine, babu alisimama mlangoni pake akanena kwamba binti yake huyo hatakula tena chakula cha nyumba ile. Tangu hapo wadogo zangu wawili walikuwa wamezikwa Korogwe kabla ya kuota meno, na mama hakuwa na shaka kwamba ni neno lile lililowaua. Sasa habari zilikuwa zimefika kwamba babu amepooza upande mmoja na mdomo umekwenda kando. Neno lililonenwa huondolewa na kinywa kilekile, mahali palepale. Babu akifa kabla ya kuliondoa, litabaki.

Yanipasa kukieleza kitenzi hiki, maana siku hizi watu hukitumia kana kwamba kunena ni kusema kulikovaa nguo za sikukuu. Kwa bibi yangu, kusema kulikuwa kwa kila siku: tulisema habari za mbuzi na za mvua, na walevi nao walisema. Hata askari wa boma alipoleta amri za Mdachi na kijiji kizima kikanyamaza kwa hofu, bibi alipoulizwa kuna nini alijibu, "Askari kasema." Sikumsikia hata mara moja akijibu kwamba kanena. Anayenena alimeza kwanza kilichomo kinywani, akasimama peku juu ya udongo, akataja jina lake na la baba yake, ndipo akatoa neno, mara moja tu. Baada ya hapo neno lilikuwa kama kisiki uani: unaweza kulizunguka maisha yako yote, lakini lipo.

Tulipofika, mama hakuvuka kizingiti. Alitandika mkeka nje ya mlango, akala muhogo wa kuchoma tuliokuja nao. Mjomba Mhina, kaka yake mkubwa, akatoka na kusimama mbele yetu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kumwona mgonjwa au kumsumbua?"

"Nimekuja aniondolee neno lake."

"Kwa mdomo upi? Wa kulia au wa kushoto?" Akacheka peke yake, kisha akanigeukia. "Na huyu mpwa wangu, naona viazi vya Bungu vimemkubali!"

"Mhina!" bibi aliita kutoka ndani. "Mwenye mdomo huo anakusikia."

Siku zilizofuata zimebaki kwangu kama usingizi wa mchana. Nililala juu ya mkeka pembeni ya mama, mavumbi yakielea katika mwanga, na kupitia ukuta wa udongo nilimsikia bibi akimfundisha mumewe kama anavyofundishwa mtoto. "Anza na jina, mzee. Taratibu. Jina lako." Kisha ukimya, kisha mkoromo mzito, kama kinu kinachoburutwa sakafuni. Mama aliacha kutafuna kila sauti ile ilipoanza.

Siku ya sita, jua likiwa utosini, bibi na mjomba walimsimamisha babu mlangoni, mmoja kila upande. Alimtazama mama. Jina lake mwenyewe lilitoka vipande vipande, lakini lilitoka. Likafuata la baba yake. Kisha akafungua kinywa, na hakikutoka kitu ila pumzi. Alijaribu mpaka shingo ikatetemeka. Mwishowe akaunyosha mkono wake mzima kwenye sahani ya ugali wa nyumba ile iliyokuwa juu ya kigoda, akamega tonge, akamtilia mama kinywani. Mama akalitafuna huku machozi yakimtiririka.

"Hajanena," mjomba alisema polepole, safari hii bila mzaha. "Kataja majina tu."

"Kasimama, kajitaja, kamlisha mwanawe," bibi akasema. "Unataka nini tena, Mhina?"

Mjomba akazidi kumshikilia babu asianguke.

Babu alifariki kabla ya mvua. Mdogo wangu akazaliwa, akaishi, na sasa ana watoto wake. Hata hivyo mama hakutulia. Kila homa ilipoingia nyumbani aliniuliza: "Wewe ulikuwepo. Babu yako alinena, au hakunena?"

Leo bendera ni nyingine, na ahadi zetu zinakaa kwenye karatasi. Ikivunjika moja, huandikwa nyingine. Sitajifanya kuwa nayalilia ya zamani. Nisingependa mwanangu hata mmoja afungwe kwa hasira ya mzee mlangoni, na najua wengi walioponywa na karatasi. Lakini mara ya mwisho mama aliponiuliza, akiwa kitandani Korogwe, amekonda, nilikuwa nimekaa nasoma barua, karanga zimejaa kinywani. "Alinena, mama," nikajibu, bila kuinua macho.

Nilipoyainua, nilimkuta ananitazama kwa upole mwingi.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Umesema vizuri."