Mwalimu Seline Aomba Msamaha

Mwalimu Seline Amondi amefundisha hisabati katika shule ya upili karibu na Chepkoilel kwa miaka kumi na tisa, na akiingia darasani hata mkaidi huketi wima. Alipopewa kazi ya ushauri nasaha aliifanya vivyo hivyo: machozi dakika tano, maombi, kisha darasani.

Ndivyo alivyomhudumia Jeruto wa kidato cha nne. Mama yake alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na tangu hapo binti alikuwa hali chakula vizuri wala hapati usingizi. Alimweleza Seline peke yake; hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Ikafika siku ya kuwaombea watahiniwa. Ukumbi ulijaa wazazi. Mhubiri alipouliza nani ana mzigo, Seline, kwa nia njema kabisa, akachukua kipaza sauti.

"Jeruto, njoo mbele. Tumwombee huyu, analia kila usiku tangu mama yake aondoke."

Jumatatu Jeruto hakuja shuleni. Jumanne pia. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Walimu wenzake walisema msichana ana kiburi, kwani kuombewa ni aibu? Seline alitaka sana kuamini hivyo, akashindwa. Siri ya mtoto ni siri, hata kwenye maombi. Ingekuwa ya mtoto wa tajiri wa mtaa wa Elgon View, asingethubutu kuitaja.

Jumatano alasiri alifika kwa nyanya yake Jeruto, huko Soy, akamkuta yeye na mjukuu wake wakipukuchua mahindi.

"Karibu, mwalimu," nyanya alisema. "Leo umekuja na kipaza sauti?"

"Nimekiacha, Mama."

Akaketi, akachukua hindi. "Jeruto, nilikukosea. Uliniamini, nami nikakutangaza. Naomba unisamehe."

Mikono ya nyanya ilisimama. Maishani mwake hakuwa amesikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha.

"Watu waliniangalia kama maiti," Jeruto alisema.

"Najua."

"Hujui, madam."

"Ni kweli, sijui. Niambie."

Akamwambia, kwa muda wa kupukuchua karai zima la mahindi, na Seline hakumkatiza hata mara moja.

"Nikirudi utaambia nani?"

"Hakuna. Nikiona uko hatarini, nitakuambia wewe kwanza kabla ya kutafuta msaada. Na ukitaka, nitakiri kosa langu gwarideni mbele ya shule nzima."

"Ai, madam! Tafadhali, usitangaze kitu tena!"

Nyanya alicheka mpaka mahindi yakamwagika.

Alhamisi Jeruto alikuwa darasani. Alikosa swali la pili la hisabati, na Seline akamchorea mkasi mwekundu wa kosa kama wengine wote waliokosa.