Ukurasa wa Kumrudisha Bi Swalha

Wewe unayejenga kurasa za mtandao, umewahi kumuuliza atakayeutumia ukurasa wako ana simu gani? Mimi sikuuliza. Nilikuwa na shahada ya kompyuta na hasira na dunia, nikaona vinatosha.

Bi Swalha, jirani yangu huku ugenini, ni Mzanzibari aliyeishi miaka tisa Guangzhou, China. Kila asubuhi huenda mtaa wa Yide Lu, kwenye maduka ya jumla ya midoli na vifaa vya shule, akapiga picha za bidhaa na kumtumia bintiye Lulu, mwenye duka Mwanakwerekwe, Unguja. Lulu hujibu kwa sauti iliyorekodiwa. Bi Swalha huisikiliza mara mbili: kwanza maneno, kisha kile kilicho nyuma ya maneno, mvua juu ya bati, jirani anayegombana na kuku. Alimwacha ana miaka kumi na miwili. Sasa ana ishirini na moja, na mama yake bado humwota akiwa na sare ya shule.

Wazo lilikuwa la Bi Swalha. Ukurasa mmoja: muuzaji wa Yide Lu aweke picha na idadi ya bidhaa, Lulu achague akiwa Unguja, oda imfikie muuzaji kwa Kichina papo hapo. Ukifanya kazi, Bi Swalha hatakuwa na sababu ya kubaki huku. Atarudi kuishi nyumbani.

Nilichagua zana kama bwana harusi anayechagua suti. Nilichukua maktaba kubwa ya msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ile inayosifiwa na kila kijana wa fani yangu, nikaongeza nyingine ya vitufe na nyingine ya kufanya picha ziteleze. Zote zilivutwa kutoka seva za ng'ambo kila ukurasa ulipofunguliwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba msimbo ulio huru kwa wote ni silaha ya wanyonge. Bi Swalha aliniuliza kama hakuna kitu chepesi zaidi. Nikamhutubia nusu saa. Akanimiminia chai.

Siku ya majaribio tulikwenda kwa laobanniang, mama mwenye duka ambaye Bi Swalha hununua kwake tangu mwanzo. Akafungua ukurasa kwenye simu yake. Mweupe pee. Akasubiri, kisha akatugeuzia kioo.

"Mei you," akasema. Hakuna kitu.

Kwenye simu yangu kila kitu kiling'aa. Ndipo nilipoelewa. Sisi wageni tunaishi na VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao vya China, ikiwa imewashwa kutwa kucha ili tuongee na kwetu, hata tunasahau kwamba ipo. Laobanniang hana, na bila hiyo zile seva hazifikiki. Lulu naye akaleta habari: kwake ulifunguka, baada ya dakika nne, na bando lote likaisha.

"Ukurasa wako unakujua wewe tu," Bi Swalha akaniambia. "Basi oa, uzae wateja."

Sikucheka. Naye alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Haidar mwanangu, umechagua vitu vya kuwaonyesha wenzio. Mimi nataka kwenda kwetu."

Mchana ule ule nilifuta karibu yote. Niliandika kwa lugha ya JavaScript tupu, nikabakisha maktaba moja ndogo ya kupeleka oda, na faili lake nikaliweka kwenye seva yetu wenyewe, Hong Kong, inayofikika bila VPN. Picha nikazipunguza. Hakuna kilichoteleza tena. Ukurasa ulikuwa wa kawaida mno hata nikauonea aibu.

Asubuhi iliyofuata, saa nne, Unguja ikiwa bado alfajiri, nilikuwa nimesimama dukani simu ya laobanniang ilipolia. Alisoma oda ya Lulu, akavuta ngazi, akapanda, akashusha katoni mbili za madaftari na moja ya kalamu za rangi. Hakumuuliza Bi Swalha neno. Bi Swalha alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono mapajani, akiitazama kazi yake ya miaka tisa ikifanyika bila yeye. Kisha akatoa simu, akampigia wakala wa tiketi.